Msaada: lenzi imeota fangasi huku Tukuyu, nisafishe, nipeleke kwa fundi au niiache?

BintiRungwe (Tukuyu)

Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaopiga picha huku kwetu kwenye mvua na baridi.

Kamera ni Nikon D5300, lenzi mbili: 18-140mm na 50mm f/1.8G. Vyote vinakaa kwenye begi la kamera, begi liko ndani ya kabati la nguo. Siku hizi 18-140 nikiielekeza upande wa jua inatoa weupe kama maziwa, na cheusi hakiwi cheusi. Nimeweka picha tatu mziangalie.

Picha ya 1: Ziwa Ngosi kutoka juu ukingoni, 18mm, f/16 (tundu la lenzi limebanwa dogo). Ukungu umetanda juu ya maji. Angani kuna madoa matatu ya kijivu, kubwa zaidi ni la juu kushoto. Picha nzima pia imetoka giza giza.

Picha ya 2: maua ya Kitulo, 140mm, f/5.6, jua liko nyuma ya maua. Weupe umejaa upande wa kulia.

Picha ya 3: lenzi yenyewe ikimulikwa na tochi ya simu. Kuna nyuzi nyeupe zimeanzia pembeni zinatambaa kuelekea katikati, mithili ya mizizi ya nyasi.

Nimeambiwa niianike juani siku nzima, mwingine kasema niifukie kwenye mchele. Kipi ni kweli? Halafu nina safari: asubuhi Kitulo juu kwenye baridi, jioni Matema ufukweni kwenye joto, siku hiyo hiyo. Naogopa kuiharibu kabisa.

LenziSafi (Mbeya mjini)

Pole dada. Picha ya 3 inajieleza, hiyo ni fangasi. Vumbi huonekana kama vidoti vilivyotawanyika ovyo. Mafuta ya ndani ya lenzi yakipanda kwenye kioo huleta utando mmoja uliosambaa sawasawa, kama pumzi kwenye dirisha. Nyuzi zenye matawi ni za fangasi, na mara nyingi zinaanzia ukingoni mwa kioo.

Ila hapo una magonjwa mawili, usiyachanganye. Madoa matatu ya picha ya 1 hayatoki kwenye lenzi. Uchafu wa ndani ya lenzi uko mbali na sensa (kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha), hauwezi kuchora doa lenye umbo angani. Unachofanya ni kutawanya mwanga, na huo ndio weupe wa picha ya 2. Doa dogo linaloonekana ukiwa f/16 na kupotea ukifungua hadi f/4 ni vumbi lililokaa juu ya sensa.

Hakikisha hivi: vaa 50mm, weka f/16, elekeza ukuta mweupe au anga lisilo na mawingu, zungusha fokasi mpaka kila kitu kififie, piga huku ukitikisa kamera kidogo. Madoa yakibaki pale pale yalipokuwa na lenzi nyingine, ni ya sensa.

Lenzi nayo ikague vizuri zaidi ya hapo. Hizo lenzi zako mbili zina kijiti kidogo cha chuma nyuma, kinachofungua na kufunga apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga. Ukiitoa lenzi kwenye kamera apacha inajifunga, kwa hiyo ukimulika unaona kitundu tu. Sukuma kijiti taratibu kwa njiti ya meno mpaka apacha ifunguke yote, weka kitambaa cheusi nyuma, tochi iwe upande, isimulike moja kwa moja. Angalia kutoka mbele, kisha kutoka nyuma. Upande ambao nyuzi zinaonekana kali na kubwa ndio zilipo karibu. Na hiyo 50mm ikague leo leo, imelala begi moja na mgonjwa.

Mkwawa_Picha (Iringa)

Kamwene! Kuhusu jua na mchele naomba nijibu mimi, maana ushauri huo unaua lenzi za watu.

Mionzi ya jua inaweza kudhoofisha fangasi aliye juu ya kioo cha mbele. Aliye ndani anakingwa na vioo vyenyewe, kwa sababu vioo na rangi zake za kinga vinazuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Na hata akifa, mzoga na alama yake vinabaki. Wakati huo joto linalainisha grisi, inatambaa hadi kwenye majani ya apacha, apacha inaanza kunata. Kubwa zaidi, lenzi iliyoachwa wazi juani inakusanya mwanga na inaweza kuunguza nguo au meza. Usifanye.

Mchele, hata uwe wa Kyela, hauvuti unyevu kwa nguvu inayohitajika. Unachoacha ni unga wa wanga, unaingia kwenye pete ya kuzumu (ile ya kuvuta picha karibu).

FundiUyole

Sasa kusafisha. Kama nyuzi ziko juu ya kioo cha mbele kabisa au cha nyuma kabisa, unaweza mwenyewe. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mpira, maana ukisugua na mchanga juu unachora kioo. Chukua spiriti ya aina ya isopropili, ile ya asilimia 99, lowesha kitambaa laini cha miwani (usimwagie kioo), futa kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Zikibaki alama, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, iache kwenye kitambaa juu ya kioo dakika chache, kisha malizia na spiriti.

Wapo wanaochanganya peroksaidi na amonia. Inafanya kazi, lakini uvae glavu na ukae nje penye hewa. Na amonia isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, mvuke wake ni sumu.

Kama nyuzi ziko ndani, hesabu inabadilika. 50mm f/1.8G ina vioo 7 katika makundi 6, fundi makini anaifungua na kuirudisha. 18-140 ina vioo 17 katika makundi 12, tena kuna kundi linaloelea kwa ajili ya kutuliza mtikisiko. Likirudi limepinda nywele moja tu, upande mmoja wa picha unakuwa mkali na mwingine umefifia, milele. Ningekuwa nashika hiyo lenzi, nisingeifungua kama nyuzi bado ziko pembeni. Zikiwa pembeni na jua liko nyuma yako, huioni tofauti.

Ukipata fundi muulize kitu kimoja kabla hujamwachia: anatumia bisibisi gani? Skrubu za lenzi za Kijapani zina msalaba wa kipimo chao, JIS. Bisibisi ya kawaida ya Phillips haikai hadi chini, inapanda na kusaga kichwa cha skrubu. Lenzi nyingi zinazouzwa mtumba utaona skrubu nne za nyuma zimekwanguka. Hiyo ishafunguliwa na mtu asiye na kifaa.

Halafu elewa jambo hili: fangasi anatoa tindikali inayokula rangi ya kinga ya kioo. Akikaa muda mrefu, unamtoa yeye na mchoro wake unabaki. Ndiyo maana kuzuia kuna faida kuliko kusafisha.

BintiRungwe

Asanteni. Nimekagua kwa njiti kama alivyosema LenziSafi: nyuzi ziko ndani, upande wa mbele, hazijafika katikati. 50mm ni safi. Basi siifungui. Nitaitunzaje isiendelee?

LenziSafi

Toa vyote kwenye begi leo. Begi la sponji na mikanda ndivyo vinavyobeba maji. Fikiria: hewa iliyojaa unyevu kabisa kwenye kopo la lita 15, kwa nyuzi 20 za joto, ina maji kama robo gramu tu. Kulifungua kopo mara kwa mara si tatizo kubwa. Mkanda uliolowa ukungu wa Ngosi unaingiza maji mengi kupita hewa yote hiyo.

Nunua kopo la plastiki la lita 10 hadi 15, lile la kuhifadhia chakula lenye mpira kwenye kifuniko na vibano pande nne. Lipime: weka karatasi ya chooni ndani, funga, lizamishe kwenye beseni dakika moja. Karatasi ikiloa, rudisha dukani. Ndani weka silika (chembe za kuvuta unyevu) gramu 200 hivi kwenye mfuko wa kitambaa kinachopitisha hewa, na kipima unyevu kidogo cha betri. Kamera, lenzi, basi. Usiweke begi, kasha la ngozi wala mkanda. Na lenzi yenye fangasi ikae kopo lake peke yake. Mbegu za fangasi ziko kila mahali hewani, lakini hakuna sababu ya kumpandia jirani.

Unyevu uwe asilimia 40 hadi 50. Ukikaa juu ya 60 kwa siku nyingi, fangasi anaota. Usishuke chini ya 30, mipira na grisi vinakauka.

Kona57 (Chimala)

Kuna njia ya zamani pia: kabati dogo lenye balbu ya wati 10 inayowaka muda wote. Joto likipanda nyuzi chache, unyevu unashuka.

LenziSafi

Inafanya kazi mkuu, siipingi. Lakini umeme ukikatika usiku, kabati linapoa na unyevu unarudi juu kwa saa hizo hizo za baridi. Na balbu ndani ya mbao naiogopea moto. Kopo halihitaji umeme.

FundiUyole

Naongeza kwenye silika. Ile ya rangi ya chungwa inageuka kijani ikishiba maji. Ya bluu inageuka waridi, na rangi hiyo ni ya kobalti, ina sumu, kwa hiyo usitumie sufuria ya kupikia na usivute vumbi lake.

Kuikausha kwa oveni ni nyuzi 110 hadi 120, saa mbili au tatu. Kwa jiko la mkaa: weka mchanga mkavu kina cha vidole viwili kwenye sufuria kuukuu, juu yake bati au sahani ya chuma yenye silika, mkaa uwe umeshaanza kufunikwa na majivu. Geuza kwa kijiko kila baada ya dakika kumi. Ukipeleka moto mkali rangi inaungua na kuwa kahawia, hutajua tena ikishiba. Rangi ikirudi, mimina kwenye chupa ya glasi kavu, funga, ipoe humo humo. Wengi wanaiacha ipoe wazi jikoni, inanywa unyevu wa jikoni, wanarudisha kwenye kopo kitu kilichokwisha kushiba nusu.

Kipima unyevu usikiamini kabla ya kukipima. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Weka kizibo na kipima kwenye mfuko mmoja unaofungwa hewa isipite, acha usiku mzima ndani ya nyumba. Asubuhi kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, ujue kila mara unaongeza 5.

Kona57

Safari ya Kitulo na Matema sasa. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Unashuka zaidi ya mita 2,000, joto linaongezeka nyuzi 13 au zaidi. Kamera iliyopoa juu ikifunguliwa ufukweni, hewa ya joto yenye maji inagusa kioo baridi na kutoa jasho, nje na ndani. Jasho hilo ndilo chakula cha fangasi.

Kabla hujaondoka juu, zima kamera, toa kadi na betri. Ifute, iweke kwenye mfuko wa nailoni mnene unaofungwa, kamua hewa itoke, funga. Kamera ndani ya mfuko, mfuko ndani ya begi. Ukifika Matema usifungue kwa saa moja na nusu hadi mbili. Jasho litakaa nje ya mfuko. Kadi unayo mkononi, picha utaziangalia kwenye simu.

Ikishatoa jasho, usibadilishe lenzi, usipulize kwa mashine ya kukaushia nywele, wala usiivute na kuisukuma zumu: inapumua kama mvukuto na kuingiza unyevu ndani. Iache itulie, betri ikiwa nje.

Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti. Kwenye baridi ya alfajiri inasoma imekwisha wakati bado ina chaji, ikipata joto inarudi.

Mkwawa_Picha

Sensa. Huku Ruaha kiangazi vumbi ni adui namba moja, kwa hiyo hili tunalifanya sana. Betri iwe imejaa kabisa, kwa sababu ikikata katikati kioo cha kuakisi kinashuka juu ya kifaa chako. Chagua kwenye menyu kuinua kioo kwa ajili ya kusafisha. Kamera ielekee chini, puliza kwa pampu ya mpira mara kumi, ncha isiingie ndani. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usitumie makopo ya hewa ya kubana, yanatema kimiminika.

Piga tena f/16. Doa likigoma, tumia fimbo bapa ya kusafishia sensa, upana milimita 16 kwa kamera yako. Matone mawili ya dawa ya kusafishia sensa, subiri sekunde chache ienee, buruta mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, geuza upande wa pili, rudi mara moja. Tupa. Usiirudie fimbo hiyo.

Sensa inapokea picha ikiwa kichwa chini. Doa lako la juu kushoto, ukiwa umeiangalia sensa kwa mbele, liko chini kushoto. Watu wanasugua juu bure.

Na picha ya 1 kuwa giza: ukungu ni mweupe, kamera inaudhania ni kijivu na kupunguza mwanga. Ongeza fidia ya mwanga +0.7 hadi +1. Fokasi ikihangaika, lenga ukingo wa mti ulio karibu na ukungu. Picha ni nzuri sana, ule mstari wa msitu unaoingia kwenye ukungu usiukate ukiihariri.

BintiRungwe

Ndaga fijo wote. Madoa ni ya sensa kweli, mawili yametoka kwa pampu, la juu kushoto limegoma, naagiza fimbo za milimita 16. Kipima kimesoma 71 kwenye chumvi, kwa hiyo naongeza 4. Kopo la fangasi sasa linasoma 49 pamoja na nyongeza, la 50mm ni 46. Lenzi nimeipiga picha tena na tochi ile ile, umbali ule ule, na nitarudia kila mwezi tulinganishe kama nyuzi zimesogea.

FundiUyole

Weka na rula pembeni ya lenzi kwenye picha hizo. Bila kipimo, macho yatakudanganya.