Yule daktari wa vyuma vya meno leo kanivunjia heshima mbele za watu

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, bado natetemeka. Mnamjua, yule wa ghorofani mwenye koti lililopigwa pasi mpaka linaweza kukata mkate.

"Meno yako yamekumbuka kwao." Ndivyo alivyoniambia! Mbele ya foleni nzima!

Miezi 22 nimevaa vyuma. Kila akikaza waya, siku tatu nashindia uji. Mahindi ya kuchoma nimeyanusa tu kama mwizi. Siku ya kuvitoa akanipa kioo, akanipongeza, akapokea salio lake. Neno ritena, kile kifaa cha kushikilia meno baada ya vyuma kutoka, sikulisikia. Miezi saba baadaye mwanya umerudi, njiti ya kiberiti inapita. Nimekwenda kuuliza, kachungulia sekunde mbili, kageukia foleni: "Dada, meno yako yamekumbuka kwao." Na nesi akacheka!

Kwao wapi? Kwao si ni kinywani mwangu?

Mpemba Halisi: Mwanya ni uzuri, dada. Bibi zetu waliimbiwa kwa mwanya, wewe unalipa uzibwe.

Kibakuli: Picha ya mwanya iko wapi? Bila picha huu ni umbea.

Fundi Kinywa: Jino likisukumwa, mfupa wa taya unaliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili. Vyuma vikitoka, mfupa na nyuzi za ufizi bado havijashika. Bila ritena jino linarudi. Hapo alikosea yeye.

Mwenye uzi: Umeona! Kakosea yeye, halafu ananiambia yamekumbuka kwao!

Kibakuli: Lakini si ndicho alichosema Fundi, kwa maneno marefu?

Mama Wawili: Wangu aling'olewa magego madogo manne yenye afya ili meno yapate nafasi. Nililia kuliko yeye.

Mmeru wa Juu: Mnalilia mwanya? Sisi tumekulia maji ya floraidi, meno rangi ya chai ya rangi. Waya gani utanyoosha rangi?

Mpemba Halisi: Ngarenanyuki hiyo?

Mmeru wa Juu: Huko huko. Meno ya kudumu yanaota tayari yana madoa.

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wa yule daktari. Kasema YAMEKUMBUKA KWAO.

Mama Wawili: Mmeru, lile chujio la mkaa wa mifupa linasaidia? Dada yangu kahamia Usa River, ana mtoto wa mwaka mmoja.

Mmeru wa Juu: Linapunguza floraidi, ila mkaa ukichoka ubadilishwe. Kuchemsha hakusaidii.

Mama Wawili: Nakufuata inbox.