Mjadala: Maji ya kuoshea mixa za zege Mbeya yaruhusiwe kutoka nje ya uzio wa kiwanda?

Mleta mada (Mbeya)

Wadau, naleta hoja hii tuijadili bila jazba. Ukanda wetu unajengwa. Upanuzi wa barabara kuu ya TANZAM kuanzia Uyole kuelekea uwanja wa ndege wa Songwe, makalavati, maghorofa ya mjini: huko kote zege linatoka kiwandani likiwa tayari na kubebwa na mixa. Sina ugomvi na kazi hizo, vijana wetu wanapata riziki humo. Ugomvi wangu ni maji.

Mixa ikishamwaga mzigo, zege hubaki limeng'ang'ania ndani ya pipa. Lisipooshwa upesi linakuwa jiwe. Kwa hiyo gari linarudi kiwandani, linamiminiwa mamia ya lita, pipa linazungushwa, halafu maji ya kijivu yanamwagwa. Kiwanda kilicho juu ya kijito chetu huyamwaga kwenye shimo, shimo lina tundu linalotokea kwenye mtaro, na mtaro unaishia kwenye vinyungu vya watu, yaani bustani za mabondeni. Mawe ya pale chini yamevaa ganda jeupe; ukilikwangua kwa kisu linabanduka kama magamba ya samaki.

Wenye kiwanda wanasema maji yanatuama kwanza, yanatoka yakiwa safi. Hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Kutuama kunaondoa tope, hakuondoi ukali. Saruji ikikutana na maji inatoa chokaa, na sehemu ya chokaa hiyo huyeyuka, haizami na mchanga. Maji yanaweza kuwa maangavu hadi ukaona sakafu ya shimo, na bado yakawa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 12. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotiririshwa yawe kati ya 6.5 na 8.5. Na kila namba moja ya pH ni mara kumi ya iliyotangulia, kwa hiyo kutoka 8 hadi 12 ukali umeongezeka mara elfu kumi. Mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani alichovya karatasi ya kupimia pale kwenye tundu, maji yakiwa yanang'aa kabisa. Karatasi ikageuka zambarau iliyokoza.

Msimamo wangu: yasitoke. Sisemi yapunguzwe ukali kidogo ndipo yatoke. Yabaki ndani ya uzio, yaoshee mixa nyingine, yachanganyiwe zege jipya. Naomba kuwasilisha.

Dereva wa mixa

Mleta mada, nakuunga mkono ila umeangalia upande mmoja. Sehemu kubwa ya uchafu haumwagwi kiwandani, unamwagwa saiti. Nikimaliza kushusha lazima nioshe shuti, ule mfereji wa kumiminia zege, palepale, maana zege likikamatia njiani nitarudi na shuti la mawe. Nikimuuliza msimamizi nioshee wapi, ananionyesha kwa kidole pembeni mwa barabara. Pembeni mwa barabara ndiyo mtaro huohuo. Na hayo maji tunayajua sisi. Yakiingia ndani ya buti asubuhi, jioni ngozi imechubuka, na wengine mikono inawasha miezi na miezi.

Mkandarasi mdogo

Ndugu zangu, tuwe wakweli. "Yasitoke kabisa" ni rahisi kuandika. Kwanza, nani atakubali nguzo ya jengo lake ichanganywe na maji machafu? Pili, mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili na zaidi. Ifikapo Machi shimo linajaa lenyewe hata usipoosha gari hata moja. Tatu, gharama. Mkitubana hivyo, sisi wadogo tunafunga, wanabaki wakubwa peke yao, na bei ya zege wataipanga wao.

Mleta mada

Mkuu, hoja zako ni za maana, nazijibu moja moja.

Kuhusu ubora, maji yaliyorudishwa yanaruhusiwa na viwango vinavyotumika duniani: EN 1008 cha Ulaya na ASTM C1602 cha Marekani. Sharti ni kupima kiasi cha chembe zilizobaki ndani yake na kuhakikisha zege linaganda na kufikia nguvu inayotakiwa. Ukiwa na wasiwasi na nguzo, yapeleke kwenye tofali na mawe ya kingo za barabara.

Kuhusu mvua, shimo linajaa kwa sababu uwanja mzima unamwagia humo. Maji ya paa na ya uwanja msafi yawe na mfereji wake, yasikutane na ya saruji. Sehemu ya kuoshea izungushiwe tuta na kuezekwa mabati. Yakizidi bado, kuna njia ya kupitisha gesi ya kaboni dayoksaidi ndani yake: chokaa inageuka chembe nyeupe, inazama, na pH inashuka. Asidi nayo inashusha, lakini ukiizidisha umetengeneza sumu nyingine. Gesi hiyo inavunwa hapahapa kwetu Rungwe, kule Kyejo. Tunapeleka gesi yetu kwenye viwanda vya soda, halafu tunaambiwa dawa ya kijito haipatikani?

Kuhusu gharama sitakuficha, ipo. Ila leo gharama hiyo hailipwi na kiwanda wala na mwenye ghorofa. Analipa mwenye kabichi.

Mama wa vinyungu

Mwanangu, umesema vizuri lakini umewahurumia mno. Mimi nataka waondoke. Mboga zangu za upande wa mtaro majani yanakuwa ya njano, mishipa inabaki ya kijani, na mbolea nimetia ileile niliyotia upande wa pili. Bwana shamba ameniambia udongo ukizidi chokaa mmea haupati madini ya chuma hata kama yamo. Wakaguzi walipokuja walikipiga kiwanda faini. Faini imelipwa, maji yanashuka vilevile. Mimi ile faini imenisaidia nini?

Mdau wa Iringa

Mama ana hoja ya kisheria hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tena kutiririsha majitaka kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu gesi na mabati, nendeni na futi kamba. Kisha ulizeni kibali kiko wapi. Upande wa Mbalizi ni Bonde la Ziwa Rukwa, kwa sababu mto Songwe wa upande huo unaishia kwenye ziwa hilo. Sisi wa Ruaha tuko chini ya Rufiji.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Kama wako ndani ya mita 60, nitasimama na wewe kwenye mkutano wa mtaa. Kama wako nje, kuwahamisha ni kuupeleka mtaro kwa mama mwingine. Na kuhusu faini nakubali kabisa: iendane na amri ya kuliziba lile tundu kwa zege lao wenyewe, na pH isomwe kila wiki, ibandikwe ofisi ya mtendaji.

Kaka dereva, hoja yako ya saiti nataka iingie kwenye mikataba. Sehemu ya kuoshea iandikwe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, na ilipwe.

Mkandarasi mdogo

Ikiwa kwenye BOQ, mimi nitajenga kesho. Tatizo ni kwamba mteja akiona bei imepanda, mstari wa kwanza kufutwa ni huo.

Mama wa vinyungu

Na mpaka mmalize kuandikiana mikataba, tundu linazibwa lini?