Yule jamaa amenitukana kwa maiki niliyoichomeka mimi, kwenye mitambo niliyoifunga mimi

Wakuu, nina hasira na sitaki kupoa. Ninayemsema mnamjua. Kila aliyewahi kuchuna waya wa spika humu ndani anamjua. Ni yule wa "hebu pisha nikuonyeshe". Jina silitaji, na nyie msilitaje.

Leo, ukumbi umejaa mpaka milangoni, kasimama mbele, kashika maiki, kasema: "Samahanini wageni, mitambo hii ilifungwa na mwanafunzi."

Mwanafunzi! Mimi! Na limesikika kila kona, silabi kwa silabi, maana spika zile 40 nilizipanga mimi ili pasiwe na kona isiyosikia.

Sasa sikilizeni. Kazi ilikuwa muziki wa chinichini. Siyo disko, siyo mkutano wa hadhara. Watu wakae, wazungumze bila kupayuka, tangazo likija muziki ushuke wenyewe, likiisha upande taratibu. Basi. Nikavuta laini ya volti 100 (sauti inasafiri kwa volti kubwa, na kila spika ina kitransfoma chake cha kuishusha na kuchagua wati), spika 40 za darini, kila moja nikaiweka kwenye wati 3. Jumla wati 120. Amplifaya ni ya wati 180, kwa hiyo inafanya kazi huku inapumua. Maiki ya matangazo nikaiweka chaneli ya kwanza, yenye kipaumbele. Besi ya chini ya hezi 100 nikaikata, kwa sababu vile vitransfoma vya spika za darini ukivilazimisha besi nzito vinashiba, na mzigo wote unairudia amplifaya. Jana jioni nimeondoka kila kitu kinaimba kwa adabu.

Leo narudi nakuta kapanda ngazi usiku kucha kama popo. Spika zote kazihamisha kutoka wati 3 kwenda wati 10. Zote! 40 mara 10 ni wati 400, kwenye amplifaya ya 180! Namuuliza kwa nini, ananijibu, "Nimezipa nguvu." Nguvu gani? Kutoka wati 3 hadi 10 unapata desibeli 5 na chembe tu za ukubwa wa sauti. Kwa desibeli 5 mtu yuko tayari kuteketeza jengo na mtaa wa nyuma yake.

Halafu maiki kaihamishia chaneli ya tatu. Sababu? "Chaneli ya kwanza mbovu, mtu akiongea inakata muziki." NDIYO KAZI YAKE! Ndicho kipaumbele chenyewe! Kaona kitu pekee kinachofanya kazi sawasawa katika jengo zima, kakiita kibovu.

Na simu yake kaichomeka kwa waya wa sterio kwenye chaneli ya mono ya balansi. Wanaojua wameshashika kichwa. Chaneli ya aina hiyo inachukua tofauti tu kati ya nyaya mbili, na yeye kaupa mmoja sauti ya kushoto na mwingine ya kulia. Mwimbaji yuko sawa kushoto na kulia, kwa hiyo anajifuta. Ukumbi mzima tukasikiliza mwangwi wa mtu asiyekuwepo, ngoma za pembeni na vinanda vinavyohangaika. Mgeni mmoja akauliza mwimbaji yuko wapi. Akamjibu: "Huu ni wimbo wa ala tupu."

Kisha simu ikaita. Spika 40! Mlio wake ule mnaujua. Kikombe cha mtu kimeanguka. Besi kairudisha yote, taa nyekundu ikawaka, amplifaya ikachemka, ikajizima kujiokoa. Kimya. Watu wanatazamana. Ikapoa, ikawaka tena, na maneno ya kwanza kabisa kutoka humo yakawa: "Samahanini wageni, mitambo hii ilifungwa na mwanafunzi."

Semeni wenyewe.

Waya Mwekundu
Mkuu pole sana. Huyo mtu kwangu aliweka spika mbili nyuma ya ukumbi, umbali wa mita 30 kutoka za mbele, bila kuchelewesha sauti hata kidogo. Kila neno linafika mara mbili. Sauti inakwenda mita moja kwa karibu milisekunde 3, sasa mita 30 ni kama milisekunde 90, huo ni mwangwi kamili. Nikamwambia, akasema ukumbi una roho.

Mzee wa Kona
Aya zote hizi kwa sababu ya neno "mwanafunzi"? Punguza povu kijana. Mimi nimeitwa mwizi wa nyaya mbele ya bosi na sikufungua uzi.

Fundi Aliyechoka (mleta uzi)
Mzee, wewe uliitwa mwizi chumbani na mtu mmoja. Mimi nimeitwa mwanafunzi kwa spika 40. Mpaka chooni limesikika. Chooni niliweka spika mbili za ziada, mimi mwenyewe, kwa wati 1.5 ili zisisumbue. Naye kazipandisha hizo pia. Mtu ametoka chooni akanitazama usoni.

Bisibisi Butu
Weka picha ya rafu ya mitambo tuone.

Kipima Sauti
Swali la kitaalamu kwa mleta uzi: kwa nini rafu haikuwa na kufuli? Na vile vifuniko vya kuzuia watu kugusa vitasa vya sauti vipo. Ukiacha kitasa wazi hadharani kitazungushwa, hiyo ni sheria ya maumbile. Mimi mteja namwachia kitasa kimoja tu, cha muziki, na nimekiwekea kikomo juu na chini.

Fundi Aliyechoka
Kufuli lilikuwepo. Alikuja na ufunguo. Ufunguo alipewa kwa sababu aliwaambia yeye ndiye fundi mkuu na mimi ni MWANAFUNZI. Mnaona limeanzia wapi?

Dada Mixa
Naunga mkono hoja, ila yangu ni kubwa zaidi. Bosi wangu alitoa spika ya nyumbani, ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme), haina transfoma, akaiunga moja kwa moja kwenye laini ya volti 100. Eti imebaki nafasi ukutani. Muziki ulipopanda tukasikia "pa", halafu harufu.

Waya Mwekundu
Volti 100 kwenye omu 8, zidisha volti kwa zenyewe, gawa kwa 8: wati 1,250 sauti ikifika kileleni. Kwenye spika ya wati 50. Alitaka kuirusha mwezini.

Omu Nane
Ingekuwa laini ya volti 70 (kwa usahihi 70.7) kama wanazotumia Marekani ingekuwa wati 625 tu. Ndiyo maana nasema volti 70 ni bora.

Waya Mwekundu
Kwa 625 ingepona? Ingeungua kwa heshima zaidi? Volti 100 inabeba wati zilezile kwa mkondo mdogo, waya mrefu haupotezi sana. Usianze.

Omu Nane
Sijaanza, nimesema ukweli.

Mzee wa Kona
Uzi wa mwanafunzi umehamia shule ya umeme.

Kimya Kwanza
Mimi nawashangaa nyote. Tatizo ni muziki wenyewe! Kwa nini kila chumba cha kusubiri, kila lifti, kila duka lazima liimbe? Muziki ukipanda watu wanapandisha sauti zao, watu wakipandisha fundi anaongeza muziki, mwisho wote tunapayuka. Kampuni ya Muzak wenyewe, waliofanya biashara hii tangu 1934, walikuwa na utaratibu wa kupiga dakika 15 kisha kunyamaza dakika 15. Waliobuni kitu wenyewe walijua masikio yanataka kupumzika. Nyie mnapiga kutwa.

Kipima Sauti
Mkuu, muziki uliowekwa vizuri huuoni. Unakuwa juu kidogo tu ya minong'ono ya watu, na tangazo linapaswa kuzipita kelele za ukumbi kwa desibeli 10 hivi ili lieleweke. Unaowachukia ni mafundi wabovu, siyo muziki. Na faida ipo: mwaka 1982 mtafiti Milliman alichapisha utafiti wa duka kubwa la vyakula, muziki wa mwendo wa taratibu uliwafanya wateja watembee polepole, mauzo yakawa juu kwa takribani asilimia 38 kuliko muziki wa kasi.

Kimya Kwanza
Kwa hiyo mnatuimbia ili tununue. Umekiri.

Dada Mixa
Na wengi wanapiga kwa akaunti zao binafsi za Spotify. Masharti yao yanasema matumizi binafsi, siyo hadharani. Kwetu bosi aliweka ile ya bure, ukumbi mzima unasikiliza matangazo ya biashara ya washindani wetu.

Bisibisi Butu
Picha bado?

Fundi Aliyechoka
Jamani, turudi kwenye mada. Mtu kashika maiki. Maiki YANGU. Kwa watu ambao hawakuuliza chochote! Hakuna mgeni aliyesimama akauliza nani kafunga mitambo! Kajitolea mwenyewe kuwaambia! Na alivyosema "mwanafunzi" akanionyesha kwa kidole, nimesimama pembeni ya rafu na bisibisi mkononi, wote wakageuka. Kuna mama mmoja akanitabasamia kwa huruma, akasema "utajifunza tu mwanangu." Nina nywele nyeupe mimi!

Mzee wa Kona
Hahaha! Utajifunza tu mwanangu. Hili linakuwa jina lako humu kuanzia leo.

Waya Mwekundu
Mwanafunzi, ulizirudisha wati 3 au bado zinachemka?

Chaji Ndogo
Samahani kuingilia. Mimi nikiunga kompyuta mpakato kwenye mixa kupiga muziki wa chinichini napata mvumo mzito, hata muziki ukisimama upo. Bila kompyuta hakuna. Shida nini?

Kipima Sauti
Chomoa chaja ya kompyuta, itumie kwa betri. Mvumo ukiisha, hiyo ni duara la ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini): kompyuta na mixa zimeshika ethi sehemu mbili tofauti.

Chaji Ndogo
Nimechomoa. Umeisha kabisa!

Omu Nane
Kata pini ya ethi ya chaja, mchezo umekwisha.

Kipima Sauti
USIKATE. Ethi ipo ili usife. Nunua kiboksi cha transfoma ya kutenga, kikae kati ya kompyuta na mixa, halafu chaji unavyotaka.

Fundi Aliyechoka
Yaani hamna hata mmoja atakayesema alikosea kuniita vile?

Chaji Ndogo
Kipima Sauti, hicho kiboksi kwa sterio ninunue chenye transfoma mbili au moja inatosha?

Kipima Sauti
Mbili. Kama mixa yako ina chaneli ya mono tu, chukua kinachochanganya pande zote kwa vizuizi vya umeme (resista) kabla ya transfoma. Usiunganishe nyaya za kushoto na kulia mikono mitupu.

Omu Nane
Mimi nimeziunga hivyo miaka yote na inapiga.