Kuuza haki zote au kutoa leseni ya kipekee: nisaini ipi?

Kalamu_Mkaa
Wakuu, heshima kwenu. Nimeletewa mkataba wa michoro, natakiwa niurudishe na sahihi kabla ya Ijumaa. Mteja kanipa njia mbili. Ya kwanza, namuuzia haki zote, nalipwa mara moja, na hapo ndipo penye pesa ndefu. Ya pili, hakimiliki inabaki kwangu, yeye anachukua leseni ya kipekee (yeye tu ndiye wa kuitumia) ya miaka 5. Malipo ya mwanzo ni kama nusu ila kuna mrabaha, yaani fungu langu kila wanapouza. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Nawasilisha.

Siti_ya_Mbele
Nimekaa pale, ngoja waje wajuvi.

Wino_Haukauki
Mleta mada, umeleta nusu ya habari. Michoro ya nini? Nembo, kitabu, katuni? Umeshachora au ndiyo unaanza? Umeajiriwa mahali? Na mkataba unafuata sheria ya nchi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Duma_wa_Jioni
Chukua pesa ndefu mkuu. Huo mrabaha utausikia kwenye bomba, nani atakuletea hesabu za kweli? Mimi nembo nauza, nasahau, nalala.

Wino_Haukauki
@Duma nembo sawa. Mwenye biashara hawezi kuishi na nembo ambayo hakimiliki yake iko kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nimeuliza ni michoro ya nini.

Kalamu_Mkaa
Samahani wakuu. Ni wahusika wanne wa katuni za watoto, kobe na wenzake. Kobe na kunguru niliwachora zamani, wawili bado. Ajira ipo, ila hii naifanya usiku.

Bi_Kifungu
Basi mdogo wangu, usianze na mkataba wa mteja. Nenda kautoe ule wa ajira, uusome hadi mwisho. Chukulia Uingereza: sheria yao ya hakimiliki ya 1988 inasema kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika majukumu yake ni ya mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Nchi nyingi ziko hivyo. Ya usiku nje ya majukumu kwa kawaida ni yako, lakini waajiri wengine huweka kifungu kinachomeza kila utakachobuni ukiwa kwao. Usije ukauza kuku wa jirani.

Kwa mteja mambo ni kinyume. Watu wanadhani aliyelipa ndiye mwenye mali. Kuna kesi ya Marekani, 1989, Mahakama ya Juu. Chama cha kutetea wasio na makazi kilimwagiza mchongaji James Earl Reid sanamu, baadaye wakagombania hakimiliki. Mahakama ikasema Reid hakuwa mwajiriwa wao, kwa hiyo sanamu haikuwa ya chama kwa sababu tu wao ndio walioagiza. Hakukuwa na karatasi iliyoandikwa kuhusu haki. Karatasi ndiyo inayohamisha.

Msimbo_Mbichi
Ngoja niwape yangu, mtanisamehe kwa urefu.

Mimi naandika programu. Kwa miaka minne nilikuwa na kipande changu cha msimbo cha kutengeneza ripoti, nakibeba kila mradi kama fundi anavyobeba nyundo yake. Nikapata kampuni inataka mfumo wa kupanga zamu za wafanyakazi. Mkataba ukaja kwenye simu, kurasa 11. Nilisaini kwa kidole nikiwa nimesimama kwenye foleni. Ukurasa wa 9 ulikuwa na sentensi moja: kazi yote iliyotokana na mradi huu "au iliyotumika ndani yake" ni mali ya mteja.

Hilo neno, "iliyotumika". Nyundo yangu nikawa nimeigawa.

Sikujua hadi mteja wa pili alipoanza kuutangaza mfumo wake na ripoti zikawa zinafanana hadi rangi za vichwa vya safu. Barua ya wakili wa mteja wa kwanza ikaja. Wakili niliyemwendea mimi akasoma ule ukurasa, akavua miwani, akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa siku ile. Nikaandika upya kila kitu bila kufungua faili la zamani, wiki saba bila malipo. Hadi leo nikiona neno "iliyotumika" tumbo linakoroga.

Wino_Haukauki
Pole mkuu. @Kalamu umesikia? Kobe na kunguru ni nyundo yako. Waandike kwenye kiambatisho kwamba ni kazi za awali, mteja apewe leseni tu ya kuwatumia.

Duma_wa_Jioni
Mnamtisha mwenzenu. Ajitumie michoro kwa barua pepe leo, tarehe itabaki, ushahidi huo, kesi imekwisha.

Bi_Kifungu
Duma, acha kumpotosha. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki inazaliwa kazi inapozaliwa, huhitaji kujitumia chochote. Barua pepe itasaidia kuonyesha ulikuwa nayo siku fulani, ila ukishasaini kuiuza, ushahidi kwamba ulichora wewe utakusaidia nini?

Duma_wa_Jioni
Mimi ilinisaidia.

Bi_Kifungu
Ulikuwa umeuza?

Duma_wa_Jioni
Hiyo ni mada nyingine.

Siti_ya_Mbele
😂😂 endeleeni

Wino_Haukauki
Na nchi ni muhimu jamani. Ujerumani huwezi kuuza hakimiliki yenyewe ukiwa hai, unatoa haki za matumizi tu. Marekani aliyeuza anaweza kuidai tena baada ya miaka 35, kama haikuwa kazi ya ajira. @Kalamu bado hujajibu.

Bi_Kifungu
Atazame na kitenzi. Chuo cha Stanford kilimsainisha mtafiti wake kwamba "anakubali kuhamisha" uvumbuzi wake. Baadaye akasaini na kampuni nyingine karatasi inayosema "ninahamisha sasa". Ya pili ikashinda, na 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani haikukiokoa chuo. Ile ilikuwa hataza, yaani haki ya uvumbuzi na si hakimiliki, lakini somo la kitenzi ni lilelile. Ahadi ya kuhama si kuhama.

Msimbo_Mbichi
Kwa hiyo mimi ningeandikiwa "nitahamisha" ningepona?

Bi_Kifungu
Ungepumua kidogo. Kupona sidhani, wangekudai utimize ahadi.

Kalamu_Mkaa
Wakuu nimerudi. Wangu umeandika "ninahamisha kwa sahihi hii". Nchi haijatajwa popote. Kiambatisho hakuna, nimewaomba, wamesogeza hadi Jumatatu. Naegemea leseni, ila ile pesa ya kwanza inaniita kwa jina. Na kuhusu ajira, laptopu ninayochorea ni ya ofisi, hiyo ina shida?

Wino_Haukauki
Laptopu ya OFISI?

Bi_Kifungu
Mdogo wangu, nitumie ujumbe wa faragha.

Duma_wa_Jioni
@Msimbo hivi ule mfumo wa zamu bado unaupokelea oda? Kuna jamaa yangu anatafuta.