Kocha mkuu mpya: CV 43 mezani, tunaanzia wapi kuchuja?

Mjumbe_Kanda
Wakuu, habari za jioni. Timu ni ya Ligi Kuu Bara, iko katikati ya msimamo, bajeti ya kawaida. Kiti cha kocha mkuu kiko wazi, msaidizi anashikilia kwa muda, na kamati imepewa wiki tatu ipeleke jina moja. CV zilizofika ni 43, karibu zote zimeletwa na mawakala, na kila moja ina picha ya mtu kashika kombe. Bodi inataka "kocha mwenye jina". Naomba mwongozo wa kazi yenyewe: kitangulie nini, tupime nini, na makosa gani yanakuja kutugharimu baadaye?

Kiungo_Mkabaji
Mkuu, CV ziwekeni pembeni kwanza. Andikeni ukurasa mmoja kuhusu kikosi mlichonacho, kwa sababu kocha atakuja leo ila wachezaji ni hawahawa mpaka dirisha la usajili lifunguliwe. Mabeki wa kati wana mbio za kumkimbiza mshambuliaji mita 40 kurudi golini kwao? Kipa anacheza kwa miguu au anabutua tu? Viungo wa kukimbia dakika 90 mnao wangapi? Ukiwa na mabeki wazito halafu ukaleta kocha wa kukaba kuanzia juu, karibu na goli la mpinzani, kila pasi ndefu moja ya mpinzani inamwacha mshambuliaji wao ana kwa ana na kipa. Mashabiki watasema kocha hafai, kumbe mlimpa kazi ambayo miguu iliyopo haiiwezi.

Baada ya hapo chujeni kwa mikanda, yaani video za mechi. Mechi tano kamili kwa kila jina, mzichague nyinyi, msipokee zile za wakala: mbili alizoshinda, mbili alizofungwa, na moja ambayo timu yake ilibaki pungufu. Vipande vya mabao havina faida yoyote. Dakika ya 60 hadi 90 ndiyo ya kukodolea macho. Badiliko la kwanza linaingia dakika ya ngapi, na linabadili nini? Anatoa winga anaingiza winga, au anabadili umbo la timu? Hesabuni pia mabao ya kona na faulo, waliyofunga na waliyofungwa. Mipira iliyokufa ni kazi ya uwanja wa mazoezi, hata timu maskini inaweza kuwa nzuri hapo, kwa hiyo inamwonyesha kocha akiwa peke yake bila msaada wa bajeti.

Kuhusu makombe: linganisheni nafasi aliyomaliza na nafasi ya bajeti yake kwenye ligi ile. Aliyemaliza wa 6 akiwa na bajeti ya 12 kwa ukubwa mimi namtanguliza mbele ya bingwa aliyekuwa na hela kuliko wote. Na mkishaamua, kubalianeni mapema mtampima kwa kitu gani. Kocha De Zerbi alipochukua Brighton ya Uingereza Septemba 2022 alicheza mechi tano za ligi bila kushinda, ya sita akaipiga Chelsea 4-1. Lakini tangu ile 3-3 na Liverpool kule Anfield, mechi yake ya kwanza, aliyeangalia mpira wenyewe aliona timu inaelekea wapi.

Wakili_wa_Benchi
Niongeze upande wa mkataba, maana hapa ndipo klabu zinapoliwa. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kiambatisho cha pili kinachowahusu makocha, kinatumika tangu 1 Januari 2021. Wengi wanaandika mkataba kana kwamba hakipo.

Mnaruhusiwa kuandika kwamba mkataba utakuwa halali kocha akipata kibali cha kazi, au leseni yake ikikubaliwa? Hapana. Kipengele hicho hakitawalinda, mkishasaini mmesaini, na anaweza kuwadai hata kama hajawahi kukaa benchi. Kwa hiyo ukaguzi wote uishe kabla ya wino. Nakala ya leseni pekee haitoshi. Iandikieni barua shirikisho lililoitoa lithibitishe daraja na tarehe ya mwisho, kisha iulizeni TFF, shirikisho la soka Tanzania, kwa maandishi kama inatosha kwa kanuni za msimu huu. Kama mna ndoto ya mashindano ya Afrika ya CAF, ulizeni na hilo papo hapo. Kwa mgeni ongezeni kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji.

Sasa hesabu ya kuachana. Tuseme mmempa miaka miwili kwa dola 15,000 kwa mwezi, mkamtimua bila sababu ya msingi baada ya miezi mitano. Imebaki miezi 19, yaani dola 285,000. Akipata kazi nyingine ya dola 8,000 kwa kipindi chote hicho, inakatwa 152,000, mnabaki na deni la 133,000. Asipopata kazi, mnalipa zote. Uamuzi ukitoka mna siku 45. Mkishindwa, mnafungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Mchelewesheeni mishahara miwili, akawaandikia notisi ya siku 15 na bado hamjalipa, ana haki ya kuondoka mwenyewe na kudai fidia. Hapo, kama alishapata kazi mpya na deni limepungua, anaweza kuongezewa mishahara mitatu, na mambo yakiwa mabaya sana hadi sita, ilimradi jumla isizidi thamani ya mkataba uliobaki.

Dawa ni kuandika fidia ya kuvunja mkataba tangu mwanzo, kiasi kinachojulikana, mfano mishahara mitatu, na kiwe kilekile kwa pande zote mbili. Msisahau upande wa pili huo. Kocha Ramović aliondoka Yanga Februari 2025 kwenda CR Belouizdad ya Algeria, Fadlu akaondoka Simba Septemba 2025 kwenda Raja ya Morocco, msimu ukiwa umeanza tu. Kocha akifanya vizuri kwenu, simu kutoka kaskazini itaita, na bei yake iwe imeandikwa.

Na wasaidizi! Kila mmoja ana mkataba wake na fidia yake. Ukimleta kocha na watu wanne, unavunja mikataba mitano siku utakapomtimua.

Mjumbe_Kanda
Asante sana wakuu, hilo la leseni limenishtua. Maswali mawili. Bodi inapendekeza mahojiano ya saa moja kwa video, yanatosha? Na mzawa au mgeni?

Koni_na_Filimbi
Saa moja ya video inapima Kiingereza cha mtu, si ukocha. Bakini na majina matatu, kila mmoja mtumieni mechi zenu tatu za mwisho na mpeni saa 48. Akija, mwekeeni ubao wa sumaku na umwache aongee. Asiyewataja wachezaji wenu kwa majina au namba hajaangalia. Kisha mpeni hali: dakika ya 70, mnaongoza 1-0 ugenini, uwanja umelowa, beki wa kushoto ana kadi ya njano na winga wao ndiyo kwanza ameingia. Msitafute jibu sahihi, hapo majibu yako mengi. Sikilizeni kama anaanza na mchezaji yupi anatoka, au anaanza na mpira uko wapi.

La pili ni ratiba. "Jumatano mnacheza Mbeya, Jumapili mnacheza Dar, mnarudi kwa basi zaidi ya kilomita 800. Alhamisi na Ijumaa unafanya nini?" Anayepanga mazoezi makali Alhamisi atawajazia chumba cha daktari misuli ya paja kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha.

Mkiweza, mpeni vijana wenu wa U-20 (chini ya miaka 20) awafundishe kwa dakika 75. Mtu mmoja akae na saa ahesabu dakika ambazo mpira umesimama kocha akihutubia. Zikipita 20, jiulizeni.

Mzawa au mgeni si swali la kuanzia. Juma Mgunda alitolewa Coastal Union Septemba 2022, akaishika Simba kwa muda na kuitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi kisha Primeiro de Agosto ya Angola, timu ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kuijua ligi kunaokoa wiki za mwanzo, lakini hakuchukui nafasi ya zile mechi tano za mikanda. Mkimchukua mgeni, kocha msaidizi na wa makipa wawe wenu, wenye mikataba na klabu, ili mgeni akiondoka kazi za mazoezi, taarifa za majeruhi na mikanda ya wapinzani zisiondoke kwenye laptopu yake. Andikeni kabisa kwamba hizo ni mali ya klabu.

Jingine dogo: namba mbili kwenye orodha yenu msimwambie hapana mpaka namba moja awe ameshasaini na vibali vimetoka.