Naomba ushauri: programu ya Android peke yake inatosha?

Habari zenu ndugu zangu. Nauza mboga na matunda hapa Nairobi, nanunua soko la Wakulima alfajiri na kusambaza majumbani. Mwaka jana kijana mmoja alinitengenezea programu ya kuagizia, ya Android tu. Inafanya kazi vizuri, malipo ni M-Pesa.

Shida ni wateja wangu wa Kilimani na Lavington. Juzi mama mmoja, mteja wa miaka mitatu, alinionyesha iPhone yake mlangoni: ameandika jina la duka langu, hakuna kitu. Sasa anaagiza kwingine. Iliniuma sana.

Nimeulizia. Kuweka programu Google Play nililipa dola 25 mara moja. Apple, wenye iPhone, wanataka dola 99 kila mwaka. Mafundi wawili wananivuta huku na huku: mmoja anasema tuandike upya kwa Flutter (zana ya kutengenezea programu), kazi moja itumike kwenye simu zote, mwingine ananiambia nitengeneze tovuti nzuri tu inayofunguka kwenye simu yoyote.

Waliopitia njia hii, mlianzia wapi? Na nikiandika upya, oda za wateja wa zamani zitabaki salama?