Mjomba ana mesothelioma (saratani ya utando wa mapafu itokanayo na vumbi la asbesto) baada ya kazi ya kuvisha mabomba Uingereza, kampuni zimefungwa. Fidia tuidai wapi?

Binti_Kisauni
Assalam aleikum wakuu, naomba ushauri. Mjomba ana miaka 75, anaishi Nottingham. Kati ya 1972 na 1981 alikuwa akivisha mabomba ya mvuke na maboila vizuizi vya joto kwenye vituo vya umeme, chini ya makandarasi wawili ambao wote wameshafungwa. Mwezi uliopita alitolewa maji kifuani na kukatwa kinyofu cha utando wa pafu. Jibu limetoka: mesothelioma. Tuanzie wapi, na tuna muda gani?

Fundi_Mvuke
Pole sana dada, mpe shikamoo mjomba. Jambo la kwanza ni maelezo yake, achukuliwe angali na pumzi ya kuongea. "Nilifanya kazi na asbesto" haitoshi, kampuni ya bima itayapangua maneno hayo kwa dakika tano. Muulize hivi:

Alipaka nini? Unga wa magnesia wa zamani ulikuwa na asbesto kama asilimia 15. Ulimwagwa kutoka kwenye gunia ndani ya pipa, ukatiwa maji, ukakorogwa kwa mikono. Vumbi kubwa lilitoka pale gunia linapomiminwa, kabla unga haujalowa. Kulikuwa pia na vipande vilivyokwisha kuumbwa kwa umbo la bomba, kama Caposite, vyenye asbesto ya kahawia. Hivyo vilikatwa kwa msumeno ili vikae kwenye kona na kwenye vali.

Alibomoa? Hapa ndipo penye vumbi kuliko pote. Vizuizi vya zamani vilivyokaushwa na joto miaka 20 vinapigwa nyundo na patasi, vinaanguka sakafuni, halafu vinafagiliwa vikiwa vikavu. Aseme ni saa ngapi kwa siku, wiki ngapi kwa mwaka, katika kituo kipi. Alipewa barakoa? Ya aina gani? Kuna aliyemwonya? Na majina ya aliofanya nao kazi, hata ya utani, maana mashahidi hutafutwa kwa majina hayo.

Asiseme rangi ya unga kama haikumbuki. Kukisia kunaharibu yale anayoyakumbuka vizuri.

Mshauri_Leicester
Kuhusu muda: kesi ya madai ina miaka 3 tangu siku alipojua, au alipotakiwa kujua, kwamba ana ugonjwa mkubwa uliotokana na kazi. Haihesabiwi tangu 1981. Lakini ugonjwa huu hausubiri miaka 3, kwa hiyo fanyeni haya wiki hii hii, kwa pamoja.

Aombe Industrial Injuries Disablement Benefit, yaani malipo ya serikali kwa walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mesothelioma huhesabiwa ulemavu wa asilimia 100 moja kwa moja na maombi hupewa kipaumbele. Malipo hurudishwa nyuma miezi 3 tu, kila mwezi wa kuchelewa ni hasara. Sharti awe alikuwa mwajiriwa. Kipindi cha kujiajiri hakiingii.

Pamoja nayo aombe malipo ya mkupuo ya sheria ya 1979 ya magonjwa ya vumbi, iliyowekwa kwa ajili ya watu ambao waajiri wao hawapo tena. Ombi lisipite miezi 12 tangu uamuzi wa ile ya kwanza. Sikiliza hapa dada: mgonjwa akiomba mwenyewe akiwa hai, kiasi ni kikubwa kuliko wanachopata warithi wakiomba baadaye. Fomu isikae kabatini.

Kisha wakili aombe HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) orodha ya kazi zake kwa namba yake ya bima ya taifa. Kumbukumbu hizo zinaanzia 1961. Msishtuke mkikuta jina msilolijua, mara nyingi ni kampuni mama iliyokuwa ikilipa michango.

Hakimu_Kando
Kampuni kufa si mwisho wa kesi. Bima ya waajiri ilikuwa ya lazima tangu 1972, na mahakama ya juu ilishaamua mwaka 2012 kwamba anayelipa ni bima iliyokuwepo wakati mfanyakazi anavuta vumbi, hata kama ugonjwa umetokea miaka 40 baadaye. Bima za zamani hutafutwa kupitia ELTO, ofisi ya kutafuta bima za waajiri. Kampuni iliyofutwa inaweza kurudishwa kwenye daftari ili ishtakiwe.

Makandarasi wawili pia si tatizo. Hakuna daktari awezaye kusema ni unyuzi wa mwajiri yupi uliomwuguza. Uamuzi wa mahakama katika kesi ya Fairchild ya 2002 uliliondoa shimo hilo, na sheria ya fidia ya 2006 ikaongeza kwamba mmoja akipatikana hulipa yote. Ikipatikana bima ya mmoja tu, inatosha.

Isipopatikana hata moja, upo mfuko wa Diffuse Mesothelioma Payment Scheme wa 2014, unaochangiwa na kampuni za bima, kwa waliogundulika tangu 25 Julai 2012. Mwisho wa kuomba ni miaka 3 tangu kugundulika.

Mahakama Kuu ya London ina utaratibu wa haraka kwa ugonjwa huu: mshtakiwa hutakiwa aonyeshe ana utetezi gani, na akikosa huamriwa atoe malipo ya awali, kwa kawaida pauni 50,000. Chukueni wakili wa kesi za asbesto, si dalali wa kwenye simu, na aandike mapema atakata kiasi gani. Jueni pia kwamba mkupuo wa serikali hukatwa kwenye fidia ya kesi.

Ummu_Salma
Nawagusia jambo zito, Mungu amwafu. Uingereza kifo cha mesothelioma lazima kiripotiwe kwa afisa wa kuchunguza vifo, kwa sababu ni ugonjwa wa kazini. Familia nyingi za Kiislamu hulijua hilo siku ya msiba, na maziko yanakwama. Ombeni sasa nakala ya majibu ya kinyofu, na hospitali isitupe sampuli. Palipo na majibu hayo na maelezo ya kazi yaliyosainiwa, haja ya kupasua mwili hupungua sana. Mwambieni afisa mapema kwamba ni Waislamu.

Binti_Kisauni
Allah awalipe. Swali moja: mkewe alikuwa akifua ovaroli zake. Picha imeonyesha mabaka kwenye utando wa mapafu, ila haumwi.

Hakimu_Kando
Kwa mabaka peke yake England hakuna fidia tangu uamuzi wa 2007. Scotland ipo, kwa sheria ya 2009. Akija kuugua, anaweza kudai mwenyewe: hatari ya nguo za kazini ilitangazwa 1965, na mumewe alianza kazi 1972. Maelezo ya ufuaji, alikung'uta wapi, mara ngapi kwa wiki, mjomba ayaweke kwenye maelezo yake haya haya, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa mkewe.